Massey 135 inasaga gia: nikaze pedali, nifungue kifuniko cha chini, au nipasue trekta?

Jembe Tatu (Karatu)

Wakuu, habari za jioni. Nina Massey Ferguson 135, ile ya klachi mbili: ukikanyaga pedali nusu trekta linasimama, ukikanyaga mpaka chini na PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) inasimama. Wiki ya tatu sasa, nikiingiza namba moja au rivasi inasaga meno mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Injini ikiwa imezimwa gia zinaingia laini kabisa. Likishaondoka halina shida, linavuta jembe la diski tatu bila klachi kuteleza.

Nimeshauriwa mambo matatu. Fundi wa hapa kijijini anataka tufupishe fimbo ya pedali. Dereva wangu anasema tufungue kifuniko chini ya nyumba ya klachi, kuna boliti tatu za kurekebisha. Fundi wa mjini anataka kupasua trekta katikati na kubadili klachi nzima. Mvua ziko karibu na mfuko hauko vizuri. Mngekuwa nyinyi mngeanza na lipi?

Spana 17

Mkuu, kabla ya kuchagua fanya jaribio moja. Washa injini, iache silensa ya chini, kanyaga pedali mpaka mwisho, hesabu taratibu mpaka kumi, kisha ingiza rivasi. Likiingia kimya, klachi yako inakata vizuri ila unaharakisha. Gia boksi ya 135 haina sinkro (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia) kama pikapu. Shafti inaendelea kuzunguka kidogo baada ya kukanyaga, usipoisubiri isimame lazima meno yagongane. Madereva wengi wanaotoka kwenye malori madogo wanaziua gia hizi kwa kutojua hilo.

Likisaga hata baada ya kumi, klachi haikati. Hapo ndipo tuanze kuzungumza.

Jembe Tatu

Nimejaribu asubuhi hii. Nimehesabu mpaka kumi na tano. Bado linasaga, na nikilazimisha linataka kuondoka huku pedali iko chini.

Spana 17

Basi halikati. Sasa pima mchezo wa pedali. Ibonyeze kwa mkono, siyo kwa mguu, uone inashuka kiasi gani kabla hujahisi uzito. Sentimita mbili hivi mpaka tatu kwenye pedali ni sawa kwa trekta nyingi za umri huo, ila kipimo kamili kiko kwenye kitabu. Soma vizuri kinapimia wapi, maana vitabu vingine hupima kwenye pedali yenyewe na vingine kwenye mkono mfupi ulio pembeni ya nyumba ya klachi. Watu huchanganya hapo, wanaishia kukaza kupita kiasi.

Kuhusu boliti tatu za dereva wako: ziacheni. Hizo zinapanga PTO ikate muda gani baada ya gia. Kusaga kwa namba moja na rivasi hakutoki huko. Mkizikaza ovyo mtaanza kupoteza PTO pamoja na mwendo, halafu mtakuja kuuliza kwa nini mashine ya kupukuchua inasimama kila mkibadili gia.

Mama Alizeti (Singida)

Naunga mkono kuanza na pedali, ila na mimi niseme kilichonikuta. Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Fundi akakaza fimbo mpaka mchezo wote ukaisha, gia zikaingia kama maji, tukashangilia. Kabla msimu haujaisha ikaanza kulia ndani, chwii chwii, kila nikikanyaga. Beringi ya kuachia klachi ilikuwa inagusa vidole (vijimkono vya klachi inavyovisukuma) muda wote, ikaungua. Mwisho wa siku trekta likapasuliwa vilevile.

Kwa hiyo ndugu yangu Jembe Tatu, kukaza ni sawa, lakini mchezo ubaki. Ukikuta ni lazima uumalize mchezo wote ndipo gia ziingie, ujue ugonjwa uko ndani.

Fundi Mstaafu

Wanangu, kuna kitu hamjakigusa. Lining ya klachi (ile ngozi ya msuguano juu ya sahani) ikiisha, mchezo wa pedali hupungua, hauongezeki. Vidole vinasogea kuifuata beringi. Sasa mwenye trekta akikuta mchezo umekuwa mkubwa kuliko zamani, asilaumu lining. Kitu kimelika huku nje: pini ya fimbo, tundu la mkono, bushi ya shafti ya pedali, au funguo ya ule mkono imechezacheza. Nimeona pini iliyolika mpaka katikati imekuwa nyembamba kama msumari. Fundi anakaza fimbo, wiki mbili mambo yamerudi, anakaza tena.

Kijana wangu, mwite mtu akae juu akanyage pedali polepole. Wewe chuchumaa pembeni uangalie kila kiungo. Kinachotikisika kabla mkono haujasogea ndicho kinachokula mwendo wa pedali yako. Injini iwe imezimwa, na magurudumu yawekewe mawe.

Jembe Tatu

Shikamoo mzee. Nitaangalia kesho. Swali: trekta lilikaa bandani tangu mavuno, chini ya bati linalovuja. Inaweza kuwa kutu?

Fundi Mstaafu

Marahaba. Inaweza kabisa. Sahani hushikana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu, pedali inafanya kazi yake lakini sahani haiachii. Ila ikishikana hivyo kwa kawaida kusaga kunaanza siku ile ile ya kwanza uliyoliwasha. Wewe ulilima wiki ngapi kabla halijaanza?

Jembe Tatu

Wiki moja hivi, bila tatizo.

Fundi Mstaafu

Basi weka kutu mwisho wa orodha.

Kitale Shambani

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwa anayesoma na yake kweli imeshikana na kutu: kanyaga pedali, ishikilie chini kwa kipande cha mbao kati yake na kiti, acha usiku mzima. Ikikataa, pasha injini moto, nenda uwanja mpana usio na watu wala ng'ombe, tembea gia ya juu pedali ikiwa chini, ukikanyaga na kuachia breki. Mara nyingi inaachia kwa mshtuko mmoja. Na ukiweka trekta muda mrefu, iache hiyo mbao pale pale tangu mwanzo.

Sasa kuhusu kupasua. Nimefanya mara mbili kwa 135 na mara moja kwa 165. Sahani ya zamani kupigwa lining mpya kwa riveti ni bei nafuu kuliko sahani mpya, na ikifanywa na mtu mzuri inadumu. Lakini kama chuma cha katikati kimepinda au meno ya katikati yamelika, hiyo pesa umeitupa, maana sahani iliyopinda haikati vizuri hata ukiirekebishaje. Ya kwanza nilipiga lining, ikanipa misimu mitatu. Ya pili nilinunua Grogan, pale Kirinyaga Road Nairobi, boksi linang'aa, ndani vidole vitatu havilingani kwa urefu. Siku hizi naenda na kaliper mfukoni, muuzaji akikunja uso nahamia duka la pili.

Mama Alizeti (Singida)

Na kile kiberingi kidogo cha kwenye flaiwili! Mara ya kwanza tuliacha cha zamani kwa sababu "bado kizuri". Kikakwama, kikawa kinazungusha shafti ya gia boksi hata klachi ikiwa imekata. Kusaga vilevile. Tukapasua upya kwa kitu cha bei ya kuku. Gharama kubwa ni kazi ya kupasua, si vipuri, kwa hiyo ukishafungua badilisha sahani, beringi ya kuachia, kiberingi hicho na sili ya mafuta kwa pamoja.

Spana 17

Halafu msipulize vumbi la klachi kuukuu kwa kompresa. Lining za miaka ile nyingi zilikuwa na asbesto. Futeni kwa kitambaa chenye maji.

Jembe Tatu

Mrejesho, wakuu. Mzee alipatia. Mchezo wa pedali ulikuwa sentimita saba kwa futi ya fundi seremala, nusu ya mwendo inaishia hewani. Pini ya mbele ya fimbo imelika upande mmoja imekuwa kama ndizi, na tundu lake limekuwa yai. Fundi wa kijijini amechomelea tundu, akalitoboa upya, tumetia pini mpya na kotapini. Mchezo tumeuacha sentimita mbili na nusu.

Rivasi inaingia kimya nikihesabu mpaka nne. Nikihesabu mpaka mbili inakwaruza kidogo. Dereva nimemwambia ahesabu kwa sauti nisikie, naye ananiona nimechanganyikiwa.

Fundi Mstaafu

Ihifadhi hiyo pini kuukuu ndani ya boksi la spana. Na baada ya ekari kumi pima tena, bushi ya shafti ya pedali bado hujaniambia ikoje.