Skraba ya mwani imegoma kwenye tanki la matumbawe, naombeni ushauri wakuu

Bahari ya Sebuleni (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nina tanki la maji chumvi lita 300 sebuleni, lina matumbawe laini, nemo wawili na konokono. Badala ya kununua mashine za bei kali nikafunga skraba ya mwani. Kwa wasioijua ni kawavu ka plastiki kalikokwaruzwa, maji yanateremkia juu yake na taa nyekundu inamulika pande zote mbili, mwani unaota palepale kwenye wavu unakula uchafu, kila wiki unaukwangua unautupa na uchafu umeondoka nao. Mwanzo ilipiga kazi mpaka wageni nawaonyesha skraba kabla ya samaki. Sasa hivi wavu hauoti kijani tena, unaota kitu cheusi kinateleza kama uji wa ulezi uliolala, halafu ule mwani wa nywelenywele umehamia kwenye mawe na kwenye matumbawe yenyewe, yale matumbawe ya zoa hayafunguki wiki nzima. Nikipima mbolea za majini, naitreti karibu na sifuri, fosfeti hivyohivyo. Swali langu ni moja tu, niongeze taa au nifunge skraba ya pili kubwa zaidi? Naomba majibu ya kitaalamu, masihara pelekeni nyuzi nyingine.

Nungwi Boy
Siti ya mbele kabisa. Picha ziko wapi?

Mama Kijacho
Yani pampu na mataa usiku kucha kwa ajili ya samaki wasioliwa. Mi ningefuga sato, wakikushinda unawakaanga.

Dokta Chaza
Mkuu taa usiguse kwanza. Wavu ukiota cheusi cha kuteleza mara nyingi maji yana mbolea nyingi kuliko mwani wa kijani unavyopenda, taa hafifu nayo inaweza kuleta hiyo lakini umesema mwanzo ilifanya kazi na taa ni zilezile. Na hizo sifuri zisikufurahishe, mwani wa kwenye mawe unaila fosfeti kabla hujachota maji ya kupima, kwa hiyo unapima mabaki. Nijibu vitu vitatu: maji yanapita kwenye wavu kwa kasi gani, unalisha kiasi gani, na maji ya kubadilishia unayatoa wapi. Kasi iwe kama lita 50 kwa saa kwa kila sentimita moja ya upana wa wavu. Ukubwa wa wavu unaupanga kwa chakula unachotupia samaki, lita za tanki sio kipimo, watu wengi wanafeli hapo.

Bahari ya Sebuleni (mleta uzi)
Wavu una upana wa sentimita 20, pampu inasukuma lita 1,200 kwa saa, chakula kidogo sana mara moja kwa siku. Maji ni ya bahari kabisa mkuu, yanakuja kwa madumu kila wiki, chumvi naiweka sawa mwenyewe kabla ya kumimina. Kwa hiyo mi naona tatizo ni udogo wa skraba. Kuna fundi wa akriliki ananitengenezea nyingine yenye taa nne, advansi nishampa.

Ally wa Ruwi
Ndugu yangu huku Muscat maji ya bomba yenyewe yametoka baharini yakatolewa chumvi, na bado mi nayapitisha tena kwenye mashine ya kuchuja ya RO kabla ya kuyatia kwenye tanki. Mwani haukunisumbua hata siku moja, kilichonimaliza ni kiyoyozi. Kilikufa mwezi wa saba nikiwa kazini, narudi nakuta maji yamepita 30 kwa mbali, matumbawe meupe pe, samaki wamelala ubavu. Mke wangu akaniuliza je hili kabati la kioo sasa tuweke vyombo? Nilikaa kimya. Mpaka leo kuna vikombe vya kahawa mle.

Nungwi Boy
Vikombe 😂😂 pole sana ami

Famasia ya Kona
Mnazunguka bure. Fluconazole, vile vidonge vya fangasi. Dozi ni kama miligramu 5 kwa lita, kwa tanki lake ni kapsuli kumi za 150. Wafugaji wa ulaya wanatumia sana kwa mwani unaitwa Bryopsis. Njoo dukani hatuulizi ni ya samaki au ya nani.

Dokta Chaza
Famasia hujakosea kuhusu Bryopsis, lakini hatujui kama huu wake ni Bryopsis, mwani wa nywele uko wa aina nyingi na mwingine hiyo dawa haiutikisi. Pili, skraba yake yenyewe ni mwani. Unamwaga dawa ya kuua mwani kwenye maji ambayo yanasafishwa na mwani? Na mwani wote ukifa kwa mpigo unarudisha kila kitu majini, usiku oksijeni inashuka, asubuhi anaokota nemo.

Mleta uzi, nimerudi kwako. Umesema maji ni ya bahari halafu chumvi unaiweka sawa. Maji ya bahari ya kwetu yana chumvi 35 kwa elfu, unayachota unayamimina. Unaweka sawa nini?

Bahari ya Sebuleni (mleta uzi)
Ni kamvua tu mkuu, msimu huu. Turudi kwenye skraba.

Dokta Chaza
Mvua haishushi chumvi ya bahari nzima. Dumu likifika linasoma ngapi?

Kasa Mzee
Na mimi naomba niulize, hayo matumbawe yametoka wapi? Visiwa vya Mbudya na Bongoyo hapo Dar ni hifadhi tangu 1975, na kung'oa matumbawe kwa ajili ya sebule ya mtu ni kosa, tuache kujifanya wapenda bahari huku tunaihamishia ndani kipande kwa kipande. Nimezamia miaka mingi pale, sehemu zilizokuwa rangi tupu leo ni kifusi, mabomu ya wavuvi yamefanya yake na sisi wa mjini tunamalizia. Nasema kwa uchungu.

Bahari ya Sebuleni (mleta uzi)
Mzee nakuheshimu ila hilo ni mada nyingine.

Dokta, linasoma 24, wiki nyingine 22. Naongeza chumvi ya dukani ile ya matanki mpaka 35. Maji analeta shemeji yangu kwa bajaji. Tulikubaliana achote ufukwe wa Kunduchi, na nauli ya Kunduchi nampa. Ila najua anachota pale Salenda darajani, nilishaona matope ya mikoko chini ya dumu. Lakini sikilizeni, maji yakikaa siku mbili matope yanatuama, yanakuwa meupe kabisa, na kazi ya skraba si ndiyo hiyo ya kusafisha? Ndo maana nataka kubwa.

Nungwi Boy
ANACHOTA MTO MSIMBAZI 😭😭😭

Mama Kijacho
Shemeji anakula nauli ya Kunduchi! Mtafutie kazi ya kueleweka huyo kijana, ana akili ya biashara.

Dokta Chaza
Sasa ndo tunaongea. Msimbazi unakatiza jiji zima, unabeba maji ya vyoo, ya gereji, ya kila mtu, halafu unamwaga pale pale daraja lilipo. Matope yanatuama ndiyo, fosfeti na naitreti hazituami, zimeyeyuka humo, weupe wa maji hauna maana yoyote. Kila wiki unabadilisha maji kumbe unatia mbolea. Skraba kubwa itaotesha mwani mwingi zaidi, utakwangua zaidi, na bajaji italeta tena. Walter Adey, mwanasayansi wa taasisi ya Smithsonian, aliyepata hataza ya hii kitu Marekani mwaka 1982, aliiunda imalizane na uchafu wa viumbe waliomo kwenye tanki. Wewe umeiunganisha na mto.

Leo fanya hivi, acha kupima tanki, pima dumu lenyewe kabla hujamimina.

Mzigo Mzito
Samahani wakuu, nyie hamuoni? Hii ni chai. Nimepitia nyuzi za huyu jamaa, mwezi wa pili kafungua uzi kule kwenye mahusiano anasema yeye ni kapera, anapika mwenyewe, anaomba ushauri wa jiko la gesi. Shemeji katoka wapi? Tena picha kaombwa tangu juu, kimya. Mmemshauri mtu ambaye hana hata bakuli la samaki.

Nungwi Boy
Nilijua! Chai ya tangawizi. Dokta umeandika insha bure.

Ally wa Ruwi
Mi nimehadithia mpaka habari za mke wangu hapa.

Famasia ya Kona
Asije dukani.

Dokta Chaza
Kuhusu ndoa zake sijui. Ila mtu anayetunga hatungi chumvi 22 halafu akaficha, angeandika 35 tusingemuuliza. Na ule weusi wa kwenye wavu kaueleza kabla hajajua maana yake.

Bahari ya Sebuleni (mleta uzi)
Mzigo Mzito asante kwa upelelezi. Ndiyo sijaoa. Ni kaka wa mchumba wangu, mahari nimetoa nusu, wazee wake wananipangia kikao cha kumalizia. Huyo kijana ndiye anayenisemea kwa mama mkwe. Nikimwambia aache kuleta maji nimemnyang'anya kibarua na nimemwita mwizi kwa wakati mmoja. Mlitaka niandike hayo juu kabisa kwenye uzi wa mwani? Picha siweki, sebule yangu anaijua.

Mama Kijacho
Haya sasa. Mwanangu usimwite mwizi. Mwambie daktari wa samaki kakataza maji ya aina yoyote mpaka uangalie, halafu mpe kazi ya kukwangua wavu kwa hela ileile. Mkwe hatajua kitu. Ila kama anakula nauli leo, kwenye kikao cha mahari atakula nini? Fikiria.

Kasa Mzee
Hilo la matumbawe bado halijajibiwa.

Dokta Chaza
Wazo la Mama Kijacho ni zuri na kazi yenyewe ni hii: akwangue nusu ya wavu kila wiki, nusu aiache, ili chujio lisianze upya kila mara. Aung'oe mwani wa kwenye mawe kwa mkono maji yakiwa yanavutwa na mpira, usielee elee humo. Maji mapya yachotwe wakati bahari imejaa, mbali na mdomo wa mto wowote, yakisoma chini ya 34 yarudishwe. Na umeme ukikatika mnyunyizie wavu maji ya tanki, kwa joto la Dar ukikauka mwani unakufa na unaporudi umeme unaoshea ule mzoga ndani ya tanki.

Bahari ya Sebuleni (mleta uzi)
Nimepima dumu lililobaki stoo. Fosfeti rangi imefika mwisho wa kadi, imezidi hata kile kiboksi cha mwisho. Naitreti sijamalizia. Lakini fundi anasema akriliki keshaikata, advansi hairudi, kwa hiyo ya pili nitaifunga tu, haiwezi kudhuru.

Dokta Chaza
Ukiifunga na ukaacha maji ya mto, zikiwa mbili na chakula chako hicho kidogo, fosfeti itaisha kabisa majini, hapo utakutana na dino, ute wa kahawia wenye vibofu vya hewa, utaukumbuka huu mwani kwa mapenzi. Moja inakutosha.

Pweza wa Tegeta
Mi nimesoma tangu mwanzo kimyakimya. Hiyo ya pili ina upana gani? Kama hauzidi sentimita 30 nakurudishia advansi yako namalizana na fundi mwenyewe, nina tanki la 400. Maji nachota mwenyewe.