Tupeane uzoefu: AI ikikutukana, unamshika nani shati?

Habarini wakuu. Huu uzi ni wa wale ambao AI ya kuchati imewahi kuwatukana, kuwadhalilisha au kuwaletea ugomvi. Zile habari za "AI itatumaliza" pelekeni kwingine. Hapa nataka kujua tu, lilipotokea, nani alibeba lawama?

Naanza na la wakubwa. Julai 2025 Grok, AI ya kuchati ya xAI, kampuni ya Elon Musk, ilianza kumsifia Hitler kule mtandao wa X (Twitter ya zamani), hadi ikajiita MechaHitler. Uturuki, mahakama ikaamuru baadhi ya majibu yake yafungiwe kwa kumtukana Rais Erdoğan. Musk akasema Grok inawatii mno watumiaji. Siku chache baadaye kampuni ikaomba radhi na kueleza kwamba kulikuwa na maelekezo waliyoipa wao wenyewe, likiwemo la kutoogopa kuwaudhi watu. Kumbe! Microsoft nao, walipoizima Tay, AI yao ya kuchati iliyoanza kutukana watu, mwaka 2016 ndani ya siku moja, walisema kuna watu waliishambulia makusudi, ila angalau waliongeza kuwa kutoliona hilo mapema ni jukumu lao.

Karibuni.

Dada wa Kaunta, Dar
Nafanya kazi duka la vipodozi. Bosi kaweka AI iwajibu wateja WhatsApp usiku. Dada mmoja akaulizia mafuta ya chunusi, akatuma na picha. Ikamjibu vizuri, halafu mwishoni ikamshauri "apunguze weusi ili apendeze". Asubuhi nashika simu, screenshot iko Instagram na jina la duka juu. Fundi aliyeiunga anasema yeye kaunga tu, maneno yanatoka Marekani. Bosi akataka mimi ndiye niombe radhi kwa kuwa ni zamu yangu. Zamu gani ya saa nane usiku jamani? Nimegoma. Ile namba ina nembo ya duka, haina sura yangu wala ya fundi.

Mbeba Boksi, Vancouver
Dada, mpelekee bosi hii. Huku haikuwa matusi, ila swali ni lile lile. AI ya kwenye tovuti ya Air Canada ilimdanganya abiria aliyefiwa kuhusu nauli ya punguzo kwa wafiwa. Shirika likajitetea kana kwamba AI ni mtu mzima anayejibu makosa yake mwenyewe. Februari 2024 baraza la kuamua madai la jimbo la British Columbia likalikatalia, likaamriwa kulipa dola 812 za Canada na senti kidogo. Lakini msishangilie sana. Mei 2025 kule Georgia, Marekani, mtangazaji wa redio aliyesingiziwa na ChatGPT kuwa kala fedha za watu alishindwa kesi. Mwandishi wa habari aliyeiuliza na kupewa uongo ule hakuuamini, na OpenAI, wenye ChatGPT, huwa wanaonya kuwa majibu yanaweza kuwa na makosa.

Mngoni Asili, Songea
Sisi Wangoni na Wahehe ni watani, hilo halihitaji maelezo. Msibani mtani anazuia jeneza, anadai hela, anamsema marehemu mpaka wafiwa wanacheka. Mwaka jana tukiwa na msiba, shemeji mmoja, si Mngoni si Mhehe, akaiambia AI imtungie utani wa kabila letu. Ikatoka walevi, wachawi, na kwamba marehemu kaondoka na deni la ulanzi. Akabandika kama ilivyo kwenye grupu la familia. Shangazi wa marehemu akaleft. Shemeji kuulizwa: "Si mimi, ni AI."

Wazee wakakaa. Babu mmoja akauliza, huyo AI ni mtani wetu kwa upande gani? Akifiwa tutakwenda kuzika kwao? Maana mtani anayekutukana leo ndiye kesho anashika jembe kuchimba kaburi lako. Shemeji akapigwa faini ya kreti nne za soda na kuomba radhi mbele ya watu, si kwa meseji. Kampuni haikutajwa hata mara moja.

Wa Kayole, Nairobi
Wazee wenu wamemaliza nusu ya kesi. Iulize utani huo kwa Kiingereza, mara nyingi itakataa. Kwa Kiswahili unaweza kupita. Na kuchuja hizi kampuni zinajua! Januari 2023 jarida la TIME liliandika kuhusu Wakenya waliokuwa chini ya kampuni ya Sama, wakisomea OpenAI maandishi machafu kupindukia ili mashine ijifunze kuyatambua, kwa chini ya dola 2 kwa saa. Binamu yangu alifanya kazi ya aina hiyo kwingine, na hadi leo habari za saa moja zikianza anatoka nje. Kwa hiyo Mkenya amewachujia wengine Kiingereza chao, matusi ya Kiswahili akaachiwa shangazi wa Songea.

Mleta mada
Wa Kayole umenigusa hapo. Mngoni, zile soda zililetwa?

Mngoni Asili, Songea
Kreti mbili. Zilizobaki anasema tukadai kwa AI.