Tupeane uzoefu: Kebo ya betri iliyoliwa kwenye trekta la bustani, usafishe, ukate au ubadilishe?

Fundi_Volti

Wadau, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa kebo za betri zilizoliwa na asidi kwenye matrekta madogo ya bustani, haya ya kukatia nyasi yenye betri ya volti 12. Mwenye ujuzi aweke anachokijua: kupima, kukata, kubana lagi (kile kichwa cha chuma chenye tundu mwishoni mwa kebo), kupitisha kebo mpya. Naanza na kupima, maana hapo ndipo betri nzima na stata nzima (mota ya kuwashia injini) hutupwa bure.

Ukizungusha ufunguo unasikia "ka" moja halafu kimya. Au solenoidi (swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata) inapiga "ka-ka-ka-ka". Au injini inazunguka kichovu na kukwama pistoni inapofika kwenye mgandamizo. Zote tatu ni dalili za betri iliyokufa, na zote tatu ni dalili za kebo iliyoliwa. Kwa hiyo pima betri kwanza ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaja. Volti 12.6 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.0 ni kama tupu, ichaji ndipo uendelee.

Sasa kebo. Chomoa waya wa plagi na uushikize kwenye chuma cha injini ili isiwake (kama ni silinda mbili, zote mbili). Visu vizimwe, gia iwe huru, breki ikanyagwe. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, skeli ya 20. Ncha moja gusisha kichwa chenyewe cha betri, ile risasi, si lagi wala bolti. Ncha ya pili gusisha skrubu ya stata inayopokea kebo. Mwenzako azungushe ufunguo sekunde 3 hadi 5, usizidishe, stata hizi ndogo hupata moto haraka. Mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Kebo moja isipoteze zaidi ya 0.2, kiungo kimoja kisizidi 0.1, na upande wote wa chanya pamoja na solenoidi usizidi kama 0.5. Rudia upande wa hasi: kichwa hasi cha betri hadi chuma cha injini. Ukikuta 1.5 au 2, sogeza ncha kiungo baada ya kiungo mpaka namba iruke. Iliporuka ndipo ugonjwa ulipo.

Usipime kwa omu (kipimo cha ukinzani). Kebo iliyobakiza nyuzi tano kati ya mia bado itasoma 0.0 kama mpya, kwa sababu mita inapitisha umeme kiduchu tu. Stata inataka ampea kama 100. Kiungo chenye omu 0.02 tu kinakula volti 2 hapo, na wati 200 zinageuka joto. Ndiyo maana ukigusa lagi mbovu baada ya kujaribu kuwasha, inachoma.

Spana_13

Naongezea kwenye ka-ka-ka. Solenoidi inashika, stata inavuta, volti zinaanguka kwa sababu ya kebo, koili inakosa nguvu na kuachia, volti zinapanda, inashika tena. Watu hununua solenoidi mpya hapo, nayo inakuja kupiga ka-ka-ka vilevile.

Kufungua: hasi kwanza, chanya baadaye. Kufunga: chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni spana. Ukianza na chanya na spana ikagusa fremu, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo, na kama una pete kidoleni, Mungu akusaidie. Bolti za betri hizi ndogo kwa kawaida ni M6, spana namba 10, au robo inchi ambayo inataka 7/16. Nati za solenoidi mara nyingi ni nusu inchi au 13. Bolti ikigoma kwa kutu usiipige nyundo wala kuilazimisha, kichwa cha betri ni risasi laini, kitang'oka au kupasuka pale kinapoingia kwenye plastiki, na hapo betri imekwisha. Shika nati kwa koleo, zungusha bolti kidogo mbele na nyuma, ikikataa kabisa kata bolti.

Kabla ya kuondoa chochote piga picha. Kwenye skrubu ya solenoidi inayopokea chanya huwa kuna waya mwembamba mmoja au miwili, wa fyuzi na wa chaji. Ukiisahau, trekta litawaka halafu lisichaji, au swichi isiwe na umeme kabisa.

MkataNyasi

Swali kwa wakuu. Unga uko juu ya lagi tu, mweupe na kibluu kidogo, kebo yenyewe kwa nje ni safi. Kusafisha kunatosha au nibadilishe?

Mama_Grisi

Mkuu MkataNyasi, usiamini ganda. Ule mweupe ni risasi iliyoliwa na asidi, ule wa bluu na kijani ni shaba. Ukiona bluu, jua shaba imeshaanza kwenda. Na asidi haikai kwenye lagi. Nyuzi za kebo ni kama utambi wa taa, zinafyonza unyevu kwenda ndani chini ya ganda, ambako hakuna jicho linalofika.

Safisha kwanza ili uone. Kijiko kikubwa kimoja cha soda ya kuokea (bikabonati) kwenye kikombe cha maji, mwagia kidogo kidogo, itachemka povu. Povu likiisha, mwagia tena mpaka lisitoke, halafu suuza kwa maji safi na ukaushe. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, soda ikiingia ndani inaua asidi ya betri. Glavu na miwani vaa. Ule unga usiupulize kwa mdomo wala kuukwangua mkavu, ni risasi hiyo.

Sasa ijaribu kwa vidole. Kunja kebo sentimita 3 hadi 10 kutoka kwenye lagi. Kebo nzima inapinda laini na kurudi kimya. Kebo iliyoliwa inakwaruza ndani kama umeshika mfuko wa sukari, au ni ngumu kama kijiti, au ganda limevimba mahali pamoja. Ukiona hivyo chana ganda kwa kisu, kwa urefu, usizungushe kisu ukakata nyuzi. Nyuzi nyekundu zinazong'aa ni salama. Za kahawia iliyokolea bado zinasafishika. Nyeusi zisizong'aa hata ukizikwangua, au unga wa kijani unaodondoka, hizo si waya tena.

Kata sentimita 2, angalia, kata tena. Ukifika shaba inayong'aa kabla ya sentimita 5 na kebo bado ina ulegevu wa kutosha, tia lagi mpya. Umepita hapo na bado ni nyeusi? Badilisha kebo yote. Kebo iliyofupishwa ikawa inavuta kichwa cha betri itakipasua kwa mtetemo, na hapo asidi itavuja maradufu.

KeboNene

Unene. Kebo nyingi za kiwandani kwenye mashine hizi ni namba 6 kwa kipimo cha Kimarekani, karibu milimita za mraba 13. Ukibadilisha, weka namba 4 (milimita za mraba 21) au kwa vipimo vya metriki 16 au 25. Hesabu ni rahisi: mita moja ya shaba ya milimita za mraba 10 inapoteza karibu volti 0.17 kwa ampea 100, ya 16 inapoteza 0.11, ya 25 inapoteza 0.07. Betri ikiwa chini ya kiti na stata mbele, mita moja na nusu inafika bila kujijua, basi nenda 25. Kuzidi hapo ni kujitesa, kebo haitapinda kwenye kona na lagi yake haitakaa kwenye solenoidi.

Badilisha zote: betri hadi solenoidi, solenoidi hadi stata, na ya hasi. Kuweka chanya nene na kuacha hasi ile ya zamani ni kazi nusu, ampea zilezile zinarudi kwa hasi.

Tahadhari na kebo za alumini zilizopakwa shaba. Kwa nje ni nyekundu kama nyingine. Kata uzi mmoja au ukwangue kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, rudisha dukani. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ndiyo bora kuliko zote kwa mahali penye asidi. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, na asidi ikiifikia inageuka unga.

Lagi: tundu la milimita 6 upande wa betri, 8 upande wa solenoidi mara nyingi, lakini pima skrubu kwanza. Tundu kubwa kuliko bolti linapunguza eneo la mguso. Chukua lagi za shaba nene zilizozibwa upande wa mbele, zile za bati jembamba zenye mshono wazi zinaingiza maji.

Spana_13

Na lagi unabanaje? Mimi nasema lehemu ya risasi, inaziba kila kitu.

KeboNene

Hapana mkuu. Lehemu inapanda ndani ya nyuzi na kufanya kipande kigumu nje ya lagi. Mtetemo wa injini ya silinda moja unavunja nyuzi pale ugumu unapoishia. Halafu lehemu ya kawaida ya risasi na bati inayeyuka kwenye joto la nyuzi 183 za Selsiasi. Kiungo kikilegea na kupata moto, kebo inachomoka.

Bana kwa mashine ya kubana ya pembe sita, ya mikono mirefu au ya haidroliki, kwa dai (taya za kubania) ya saizi ya lagi hiyo. Chuna ganda urefu wa kikombe cha lagi ukiongeza milimita 2. Vika kebo mpira wa kusinyaa kwa joto KABLA ya lagi (kila mtu husahau mara moja). Ingiza nyuzi zote, hata moja isibaki nje, bana mara mbili, halafu vuta kwa nguvu zako zote. Ikichomoka, haikubanwa. Koleo na nyundo hazitoi kiungo cha kuaminika: kwa nje lagi imebonyea, ndani kuna nafasi za hewa, na hewa hiyo ndiyo njia ya unyevu.

Mpira uwe ule wenye gundi ndani. Ukiupasha joto, gundi itokeze kidogo pande zote mbili. Usipoiona gundi, haijaziba.

Spana_13

Sawa, ya kuvunjika nyuzi nakubali. Ila asiye na mashine anunue kebo iliyobanwa tayari, si kuhangaika na nyundo.

Ethi_Safi

Mbona hasi mnaipita haraka? Tatizo likiwa upande wa hasi, mara nyingi halipo kwenye kebo, lipo chini ya bolti pale inapofungwa kwenye fremu. Kuna rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Fungua, kwangua kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe kwa upana wa lagi, weka washa ya meno (pete ya chuma yenye meno) ili ing'ate chuma, funga, halafu paka grisi juu ya kila kitu. Ukipaka rangi, paka baada ya kufunga.

Bora zaidi: peleka hasi moja kwa moja kwenye bolti ya injini karibu na stata, na uache kebo fupi nyingine hadi fremu kwa ajili ya taa na swichi. Injini ikikaa kwenye raba, hiyo kebo fupi ni lazima. Bila hiyo umeme hutafuta njia nyingine, na njia yenyewe huwa ni waya wa choki au wa mafuta. Ukiona plastiki ya waya wa choki imeyeyuka bila kugusa ekzosi, tafuta ethi (njia ya hasi kupitia chuma).

Kujua haraka: chukua kebo ya kuazimia umeme, unganisha kichwa hasi cha betri na chuma kitupu cha injini, washa. Ikizunguka kwa nguvu, jibu umelipata.

Mama_Grisi

Kupitisha kebo mpya. Ya chanya haina fyuzi. Ganda likichubuka kwenye ukingo wa bati, ni moto. Kila inapopita tundu la chuma weka raba ya tundu, iingize kwenye bomba la plastiki lenye mikunjo, ifunge kila sentimita 15 hadi 20, mbali na ekzosi na mikono ya usukani. Betri ikiwa chini ya kiti, inua na ushushe kiti mara kadhaa uone kebo haibanwi. Kofia ya raba kwenye kichwa chanya irudi mahali pake.

Nati ya solenoidi shika kwa spana mbili: moja inazuia nati ya chini, nyingine inakaza ya juu. Skrubu ikizunguka yenyewe, ndani inavunjika mguso. Kwenye betri kaza mpaka lagi isizunguke kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi.

MkataNyasi

Shukrani wakuu. Na mafuta ya kupaka, kabla au baada ya kufunga?

Fundi_Volti

Baada. Chuma kwa chuma kwanza, ndipo vaselini au grisi juu, isiache sehemu wazi. Halafu washa injini, kasi ya kukatia nyasi, pima kwenye vichwa vya betri: 13.5 hadi 14.7. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) inachemsha asidi na mvuke wake utakula hata kebo iliyopakwa bati. Ikikaa 12.5, angalia bolti za ganda la regyuleta, nyingi hupata ethi kupitia ganda hilo, na kutu huingia hapo pia. Volti zikiwa sawa lakini unga ukarudi ndani ya wiki chache, kagua mzizi wa kichwa cha betri: futa, kausha, paka soda. Ikitoa povu tena kesho yake, kichwa kinavuja na kebo haina kosa.