Naomba ushauri: mzimu unaniharibia fumbo

Habari zenu ndugu. Ninaandika riwaya ya mafumbo kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 13, sura 18, katika magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Mzimu ukisema sura ya 4, fumbo limefumbuka mapema, watoto hawana cha kuchunguza. Nimeunyamazisha, ukabaki harufu ya udi tu. Hofu imeongezeka (afadhali!), ila suluhisho la sura ya 16 linaonekana limezuka tu. Vidokezo vya kushikika ni viwili: kigae cha kauri ya China na lile kaburi la hapo Gede lenye tarehe ya Hijria inayolingana na mwaka 1399.

Je, kidokezo cha tatu kitangulie mzimu au kiufuate? Na mwishoni, mzimu uthibitishwe au shaka ibaki?