Nyasi za uwani Minnesota: nifanye nini kabla ya theluji?

MamaTatu
Ndugu zangu, habari za huko. Tumehamia nyumba yetu Brooklyn Park kiangazi hiki, na Oktoba ndiyo hii. Mbele, kando ya njia ya gari, nyasi zina vipara, na mti wa mepo umeshaanza kupukutisha majani. Jirani ananiambia nimwage mbegu sasa hivi. Mume wangu anataka tufyeke hadi chini kabisa kama kwetu Moshi, tusubiri Aprili. Nimsikilize nani?

FundiNyasi
Dada, karibu sana Minnesota. Kazi yangu ndiyo hiyo, kutunza nyasi za watu, na nakuomba umzuie shemeji asishushe mashine. Acha inchi 3, na uendelee kukata mradi zinakua. Bluegrass na fescue, nyasi zinazopandwa uwani huku, si kama ukoka wetu. Jua kali likipungua ndipo zinapojijenga: majani yanatengeneza chakula na kukishusha mizizini, nacho ndicho kitakachoziamsha baada ya theluji. Ukizinyoa sasa unazinyima akiba hiyo. Ila zikirefuka mno zitalaliana chini ya theluji, na ikiyeyuka utakuta mabaka ya ukungu, ya kijivu au ya waridi.

Mbegu umechelewa. Huku wakati wake ni katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Ukimwaga leo, zikiota baridi itaikuta miche ingali michanga. Subiri Novemba, udongo ushuke chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti lakini usiwe umeganda. Kwangua kwa reki, mwaga, kanyagia. Zitalala hapo mpaka joto lirudi. Nyingine zitaliwa na ndege au kusombwa na maji, kwa hiyo usiwe mchoyo wa mbegu.

Hivyo vipara kando ya njia ya gari nadhani ni chumvi ya kuyeyushia barafu. Msimu huu punguzeni chumvi, na theluji iliyochanganyika nayo msiirundike pale pale.

Mjaluba_Duluth
Fundi, na mbolea?

FundiNyasi
Kidogo, wiki hii, maadamu zina ukijani na zinakua. Zikishasimama kukua, naitrojeni ya mbolea haina wa kuila, inaishia kwenye maji. Tazama namba tatu kwenye mfuko: ya katikati ni fosforasi, na iwe 0. Ni sheria ya jimbo zima tangu 2005, kwa ajili ya kulinda maji ya maziwa yetu ya huku, isipokuwa nyasi ndiyo kwanza zinapandwa au udongo umepimwa ukaonekana unaihitaji. Punje zilizoangukia kwenye saruji zifagie zirudi kwenye nyasi. Mimi hili nalisisitiza kwa kila mteja, maana mvua ikinyesha zinakwenda moja kwa moja kwenye mtaro, na mtaro unamwaga ziwani wanakoogelea watoto wetu.

MamaTatu
Ahsante sana kaka. Majani ya mepo nayajaze kwenye mifuko?

FundiNyasi
Yakiwa machache pita juu yake na mashine, yakiwa makavu, yasagike. Ni mbolea hiyo. Yakifunika nyasi hata huzioni, zoa.

Bi_Salma
Mwanangu, na mpira wa maji uuchomoe bombani kabla hakujaganda. Ukibaki umechomekwa, maji yanaganda ndani na bomba linapasuka ukutani.