Mdahalo wa Ijumaa: "Hakuna ustaarabu bila miji na maandishi." Binti yangu anapinga, aanzie wapi?

Mama Memorial
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nauza mitumba soko la Memorial, historia niliachana nayo kidato cha nne. Binti yangu yuko kidato cha pili na Ijumaa shuleni kwao kuna mdahalo. Mada: "Ustaarabu hauwezi kuwepo bila miji na maandishi." Yeye kapangiwa upande wa kupinga, tena ndiye mzungumzaji wa kwanza.

Wenzao wanaounga mkono wameshaanza kutamba. Wana orodha kwenye daftari: miji, maandishi, serikali, matabaka, mafundi, majengo makubwa, dini, biashara. Wanasema Misri ilikuwa nayo yote, Babeli nayo vilevile, kisha wanamalizia: "Babu zenu huko mlimani walikuwa na nini zaidi ya migomba?" Mtoto karudi kavimba. Baba mkwe naye kamwambia awajibu kwamba Wachaga walikuwa na kila kitu, mji wao ulikuwa Old Moshi, na maandishi yalikuwepo ila Wajerumani waliyachoma moto. Hilo la kuchoma moto ndilo linanitia wasiwasi.

Ajenge hoja vipi? Na hasa ni kitu gani kinachofanya jamii ihesabiwe kuwa na ustaarabu? Andikeni kwa lugha nyepesi, atasoma mwenyewe kwenye simu yangu.

Kitochi
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa kiti cha mbele.

Dereva wa Noah
Migomba yenyewe waiheshimu, ndiyo iliyowasomesha.

Mwalimu wa Zamu
Mama, hilo la maandishi kuchomwa aliache kabisa. Mwamuzi akiuliza ushahidi uko wapi, timu nzima imekwisha, na hata hoja nzuri zitakazofuata hazitasikilizwa. Mzee aheshimiwe nyumbani, jukwaani asitajwe.

Sasa tuje kwenye orodha. Inayojulikana kuliko zote ni ya Gordon Childe, mwanaakiolojia mzaliwa wa Australia, aliyoitoa mwaka 1950. Alitaja mambo kumi: makazi makubwa yenye watu wengi, mafundi, wafanyabiashara na maofisa wasiolima, ziada ya mavuno inayokusanywa kama kodi au sadaka, majengo makubwa ya umma, tabaka la watawala, maandishi, hesabu na elimu ya nyota, sanaa yenye mtindo wake, biashara ya mbali, na dola ambamo mtu anahesabiwa kwa mahali anapoishi, si kwa ukoo wake.

Binti aangalie Childe alikuwa anaeleza nini. Alikuwa anaeleza jinsi miji ya kwanza duniani ilivyotokea. Alitazama Mesopotamia, Misri, bonde la Indus na Wamaya, akaandika yale waliyofanana. Sasa mtu anachukua orodha iliyotungwa kwa kuchungulia miji, anaitumia kuthibitisha kwamba asiye na mji hana ustaarabu. Huko ni kuzunguka palepale. Aanze na hilo, kabla hata ya kuutaja mlima.

Baada ya hapo aingie kwenye maandishi, na hapa atulie kidogo maana ndipo penye nyama. Maandishi ya mwanzo kabisa tunayoyajua ni ya Uruk, Iraki ya leo, yapata mwaka 3300 kabla ya Kristo. Wengi wanadhani yalikuwa maombi au sheria za mfalme. Sehemu kubwa ni hesabu za ghala: shayiri imeingia kiasi gani, kondoo wangapi, bia ya vibarua imetoka kiasi gani. Mtunza ghala alikuwa na mali nyingi kuliko kichwa chake, ndipo akaanza kuchora alama kwenye udongo mbichi. Kwa hiyo kazi ya maandishi ilikuwa kukumbuka nani anadaiwa nini. Wapinzani waulizwe: kama kazi hiyohiyo imefanywa kwa njia nyingine, je?

Ndipo awataje Wainka wa Amerika Kusini. Barabara zao zilifika kilomita zipatazo 30,000, walikuwa na maghala ya serikali, sensa, jeshi na makarani. Maandishi hawakuwa nayo. Hesabu ziliwekwa kwenye khipu, nyuzi zenye mafundo, na kila fundo lina thamani yake kulingana na lilipofungwa. Pizarro alipoingia mwaka 1532 alikuta dola kubwa kuliko Hispania yake, inaendeshwa kwa nyuzi. Nusu ya mada inafia hapo.

Dereva wa Noah
Na Buganda msiisahau, ni karibu zaidi na watoto wanaijua. Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 alikuta barabara pana, machifu wenye vyeo na mipaka ya kazi zao, na mitumbwi ya vita ziwani. Herufi za kwao wenyewe hawakuwa nazo. Nani atasema ile haikuwa serikali?

Kijana wa Unga Ltd
Mimi natembeza wageni, nitaongelea upande wetu wa Arusha. Kuna Engaruka, wilaya ya Monduli, unapita Mto wa Mbu kisha unafuata ukingo wa bonde la ufa kwenda kaskazini. Pale watu waliishi na kulima kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe, eneo lote linakaribia hekta 2,000. Maji yalitolewa kwenye vijito vinavyoshuka ukingoni, yakaingizwa kwenye mifereji iliyojengwa kwa mawe, kisha yakagawanywa kipande kwa kipande. Nyumba zilikuwa juu kwenye mteremko, kwenye majukwaa ya mawe, ili bonde lote libaki shamba. Ukisimama pale saa nane mchana, jua kali na vumbi, unajiuliza nani aliwaamrisha watu wote hao wabebe mawe.

Jumba la mfalme halijaonekana, wala maandishi. Ila mfereji wa namna ile hauchimbwi na mtu mmoja na mkewe.

Mbishi wa Himo
Samahani, mimi nitaharibu sherehe. Mnamfundisha mtoto ujanja. Mkisema kugawana maji ni ustaarabu, basi hata sisi bodaboda wa kijiwe cha Himo tuna ustaarabu, maana tuna zamu.

Kitochi
Zamu gani? Juzi mmegombania begi langu mpaka mkono umekatika.

Mbishi wa Himo
Ndiyo hoja yangu hiyo! Kijiweni tukigombana tunasuluhishana kwa sababu tunajuana. Mji ni kitu kingine. Mji ni pale ambapo watu wasio ndugu, wasiojuana hata majina, wanakaa pamoja, wanakula chakula ambacho hawakulima, na wakidhulumiana wanakwenda kwa mwamuzi badala ya kuchukua panga. Hilo ndilo badiliko kubwa, na wale Waswahili wa Kilwa walikuwa nalo. Ibn Battuta alifika kule mwaka 1331 akakuta mji, sultani, misikiti, biashara ya dhahabu. Mnataka kumweka mkulima wa mgombani mizani moja na Kilwa? Orodha ya Childe ina kasoro, sawa, lakini ukiitupa yote unabaki na kusifiana tu.

Mwalimu wa Zamu
Mbishi leo umeongea. Nakubaliana nawe kwenye hilo la watu wasio ndugu, kwangu ndilo zito kuliko yote kumi, na binti alichukue. Lakini tazama ulivyolieleza: umetaja kazi, kulisha wasiolima na kuamua ugomvi wa wasio ndugu, kisha ukasema kazi hiyo inafanywa na mji tu. Hapo umeruka.

Na mambo haya hayaji kwa pamoja. Jenne-jeno kule Mali ulianza kukaliwa yapata mwaka 250 kabla ya Kristo, ukakua ukawa mji wa maelfu ya watu, na wachimbaji walioanza kazi pale mwaka 1977 hawakukuta ikulu wala kaburi la mfalme. Mafundi walikaa kwenye vilima vyao jiranijirani, wanabadilishana bidhaa. Mji upo, mfalme haonekani. Göbekli Tepe, Uturuki, ni kinyume chake kabisa: nguzo za mawe zenye urefu wa zaidi ya mita tano, zilisimamishwa yapata mwaka 9500 kabla ya Kristo na watu waliokuwa bado wanawinda na kuokota nafaka za porini. Jengo kubwa lipo, mji haupo. Kwa hiyo mtu akisema lazima vyote viwepo ndipo ahesabu, atawapoteza hata wale anaowapenda.

Mzee wa Uru
Shimboni nyote. Mjukuu wangu, wanaosema huku kulikuwa na migomba tu hawajawahi kusafisha mfongo, yaani mfereji wetu wa maji ya shamba. Nitakueleza ulivyo, maana huku juu baadhi bado inatumika.

Maji yanachukuliwa juu, karibu na msitu. Pale mtoni kunawekwa banio la mawe, majani na udongo. Mfongo unashuka ubavuni mwa kilima taratibu, ukishuka kwa kasi utakula udongo, ukilala sana maji yatasimama. Penye korongo maji yanavushwa kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Wazee hawakuwa na kipimo cha mhandisi, waliyafuata maji yenyewe, wanachimba kidogo, wanayaruhusu, wanatazama. Ukoo uliochimba ndio wenye mfongo, lakini wa ukoo mwingine wanaingia kwa makubaliano, na mzee wa mfongo ndiye anapanga nani anapata maji asubuhi na nani jioni. Siku ya kusafisha asiyekuja bila sababu anatozwa. Asipolipa, maji yanampita na shamba lake linakauka watu wote wakiona. Hakuna askari aliyehitajika.

Kihamba nacho, yaani shamba la nyumbani, si migomba tu. Ni migomba, kahawa iliyokuja baadaye, magimbi, miti ya kivuli, ng'ombe zizini anayelishwa majani, na mbolea inarudi shambani. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo wa Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Mwisho kuna mregho. Ni fimbo yenye alama zilizochongwa, wazee waliitumia kuwafundisha vijana wa jando. Kila alama ina somo lake na wimbo wake.

Mpare wa Mwanga
Kwetu Upare tuna ndiva, bwawa la kukusanya maji usiku ili mchana yatoshe. Na msaragambo, mwito wa kazi ya pamoja, ukipigwa kila kaya inatoa mtu. Chuma chenu cha majembe na mikuki nacho mmekisahau kilitoka wapi? Ugweno, kwa Washana, ukoo wa wahunzi. Hao walikuwa mafundi hasa.

Dereva wa Noah
Mpare kaja kudai deni la karne ya 18.

Mama Memorial
Asanteni sana wakuu, Mzee wa Uru shikamoo. Binti kasoma yote, sasa ana maswali mawili. Mregho anaweza kuutaja kuwa maandishi? Na wakimwambia "basi kwa hoja yako kila jamii duniani ina ustaarabu", ajibu nini?

Mzee wa Uru
Marahaba. La maandishi namwachia mwalimu, mimi nimesema kilichokuwepo.

Mwalimu wa Zamu
Asiuite maandishi. Mregho ulimkumbusha mwalimu aliyekwisha kulijua somo. Anayeushika bila kufundishwa hasomi chochote, wakati kibao cha Uruk leo kinasomwa na watu ambao mwandishi wake hakuwahi kuwaona. Aseme hivi: ulikuwa njia ya kuhifadhi elimu bila kuandika, akomee hapo. Akizidisha, wale wa orodha watamrukia.

Swali la pili ndilo la kweli na asilikimbie. Asijibu "ndiyo, wote". Aseme kipimo kipo, na ni kigumu kuliko cha mji na maandishi. Je, jamii inazalisha ziada na kuisogeza kwa wasiolima? Inawafanya watu wasio ndugu wafanye kazi moja na kutii uamuzi mmoja? Elimu yake inavuka kizazi bila kupotea? Kisha aioneshe mifongo kwenye mizani hiyo: sehemu ya pili inapita vizuri, ya tatu inapita. Ya kwanza akubali kwamba ilikuwa ndogo kuliko Misri, lakini ipo. Wamangi, yaani machifu wa Kichaga, walikusanya kazi na mali. Horombo wa Keni na Sina wa Kibosho walijengewa maboma ya mawe, na Wajerumani walipoliendea boma la Sina mwaka 1891 walikwenda na mizinga. Nani aliwalisha waliobeba mawe yale?

Mbishi wa Himo
Hapo kwenye maboma aangalie. Mimi ningekuwa upande wa pili ningemuuliza: wamangi waliokuwa wakivamiana na kuuzana watumwa, huo ndio ustaarabu?

Mwalimu wa Zamu
Swali zuri, nalo linawageukia wenyewe. Misri na Babeli zilikuwa na watumwa na vita. Kama vita vinafuta ustaarabu, orodha yao yote imefutika. Binti asitetee vita vya mtu yeyote. Mdahalo ni kuhusu namna watu walivyojipanga, na waliojipanga vizuri wamefanya maovu makubwa pia.

Kijana wa Unga Ltd
Nikuongezee, mama: akitaja Engaruka aanze na ile hekta 2,000, maana uwanja wa mpira haufiki hata hekta moja. Watoto wanaelewa uwanja wa mpira.

Mama Memorial
Kasema ataanza na Childe, kisha Uruk na nyuzi za Wainka, kisha Engaruka, na mifongo aiweke mwisho kwa sababu ndiyo wanayoicheka. Mregho kauacha nje. Kilwa anamwachia mzungumzaji wa pili, akiitaja yeye wapinzani watashangilia. Dakika zake ni tano.

Mbishi wa Himo
Dakika tano ni chache kwa yote hayo, apunguze Uruk. Na kesho jioni nipo hapa, aniandikie hotuba yake nimpige maswali kama mpinzani. Sitamhurumia.