Mnawaita warembo wageuke na kucheka, kisha mnalalamika hawajui kuigiza!

Wadau, hili limenikaa kooni tangu Alhamisi. Nilimsindikiza mdogo wangu odisheni huko Barabara ya Ngong. Juzijuzi alitwaa taji la urembo la kaunti yetu, na anachotaka ni filamu. Usiku kucha alikariri kurasa tatu alizotumiwa, akitia alama kwa kalamu nyekundu kila mahali pa kuvuta pumzi. Alfajiri tukapanda matatu kutoka Kayole, yeye na ndala miguuni, viatu vya visigino mkobani.

Tumekaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana. Alipoitwa, mlango uliachwa wazi nikasikia yote. "Geuka. Cheka kidogo. Tembea hadi dirishani." Akauliza, "Nianze ukurasa wa kwanza, bosi?" Akajibiwa, "Maneno waachie waigizaji. Wewe tumekuitia sura."

Dakika tatu, basi! Na nafasi yenyewe ni ya mpango wa kando wa tajiri fulani, anapigwa kofi halafu haonekani tena. Hii ni mara ya nne kuitwa, na mara zote nne ni mpango wa kando.

Kipindi kikishatoka, hao hao ndio wa kwanza kusema warembo hawajui kuigiza. Watajulia wapi?

Sisi tuliolipa shilingi kumi kuingia vibanda vya video, dijei akisimulia kung fu kwa Kiswahili mpaka sauti inamkauka, tulimshangilia Michelle Yeoh hata kabla ya kumjua jina. Huyo alitwaa taji la urembo la Malaysia mwaka 1983, na ni mamake aliyepeleka jina lake kwenye shindano bila kumwambia. Alikuwa amesomea baleti Uingereza, mgongo ukamharibikia. Alipofika Hong Kong hakujua kupigana. Akaingia jimu, akafundishwa, akala vipigo vya mazoezi mpaka akaiva. Mwaka 1996 aliruka kutoka darajani kwenye upigaji picha, akatua vibaya, akalazwa hospitali. Mwaka uliofuata yuko kwenye filamu ya James Bond, anapigana mwenyewe! Machi 2023, akiwa na miaka 60, akabeba Oscar ya mwigizaji bora wa kike, Mwasia wa kwanza kuipata. Hesabuni wenyewe: miaka 40 tangu lile taji. Angeambiwa ageuke na kucheka tu, nani angemjua leo?

Mimi sidai Oscar. Nadai mtoto wa watu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, maana nauli ametoa mfukoni mwake na usingizi ameukosa.

Bwana mwongozaji, najua hupitia hapa. Zile kurasa tatu bado ziko mkobani mwake, na alama zake nyekundu. Mwite umsikie akisoma. Akishindwa, mwambie usoni kwamba ameshindwa, nami huu uzi nitaufuta kwa mkono wangu.